Ukano wa Enanga ya Mjomba

Enanga ya mjomba wangu, ala ya jadi ya kwetu, ina nyuzi nane kwa macho tu. Kwa hakika ni ukano mmoja mrefu wa ng'ombe, uliopitishwa huku na huku juu ya mti uliochongwa mfano wa kihori, ukashikwa na mapengo yaliyokatwa kwenye ncha zake. Haina vigingi vya kukazia. Anayeuvuta upande mmoja ameuvuta wote. Jambo hili nililiandika katika tasnifu yangu, tena kwa mchoro; kisha nikatenda kana kwamba sikulijua.

Nilifika Nyakatuntu na mpiga saksafoni wa Kayanga, mwalimu mwenzangu, tukikusudia kuiunganisha enanga na jazi. Mjomba alikubali kwa sharti moja: "Mnifuate mimi. Mimi simfuati mtu."

Masikio yake yalikuwa yamekwisha karibu kabisa. Kila asubuhi alilaza shavu juu ya mti na kuulinganisha kila uzi na jirani yake kwa mtetemo, kama mtu anayesahihisha nakala kwa kuitazama nakala nyingine. Kuanza upya hakuweza tena. Alichokuwa akikifanya ni kuulinda mpangilio alioachiwa na baba yake, na juu ya mpangilio huo ndipo alipoimbia habari za ukoo wetu.

Siku ya tatu, mjomba akiwa migombani, saksafoni na uzi wa tatu vilikataa kupatana.

"Mzee anapiga noti isiyokuwepo duniani," mwenzangu alisema akicheka. "Ipandishe kidogo, profesa. Unywele tu."

Niliupandisha. Wa nne ukalegea, nikaufuata. Wa tano ukalia vingine. Mjomba alipoingia na mkungu wa ndizi begani, nyuzi zote nane zilikuwa zimepatana na saksafoni, nami sikuwa nimepima hata mmoja kabla ya kuzigusa. Vipimo nilikuwa nimeviahirisha, kwani enanga haikuwa na safari. Katika rekodi za siku mbili zilizotangulia, saksafoni imeimeza.

Alilaza shavu. Akagusa uzi wa kwanza, wa pili, akarudia.

"Mjomba, huyu ni nani?" aliniuliza.

"Ni ile ile, mjomba. Tumeikaza kidogo."

"Nimekuuliza ni nani. Mimi huyu simjui."

Hajaimba tangu siku hiyo. Anasema maneno yanamjia yakiwa yametawanyika, hayana pa kukaa.

Kila Jumamosi ninarudi na daftari. Ninamwambia shikamoo karibu na sikio, ananiitikia marahaba bila kinyongo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ninauvuta ukano kidogo sana, ninaandika, ninapiga. Naye, shavu juu ya mti, anatikisa kichwa: siye. Ninaulegeza, ninaandika. Anatikisa kichwa. Daftari la tatu linakaribia kujaa.

Jumamosi iliyopita hakutikisa kichwa. Nilizuia pumzi, nikaupiga uzi ule tena, taratibu, nikasubiri.

Alikuwa amesinzia.