Zuleika Haruki Mtu

Katika wodi ya wanawake ya hospitali ile ndogo ya binafsi, wauguzi walikuwa na desturi yao. Akiletwa mwanamke ananuka pombe, au nguo zimechakaa, au anatoka mitaa ya mabanda, walimuuliza bila haya: unakunywa kiasi gani, unavuta nini, unatafuna mairungi? Akiletwa mama mwenye dhahabu masikioni, waliandika kwamba hatumii chochote, wala hawakumsumbua kufungua mdomo.

Desturi hiyo ilimshinda Zuleika. Yeye aliwauliza wote. Alimuuliza mke wa mchungaji, akamuuliza mwalimu mkuu, akamuuliza bibi aliyesindikizwa na wajukuu sita. "Pombe unakunywa? Na vidonge vya usingizi je?" Aliuliza kwa sauti ileile ya kumuuliza mtu kama penisilini inamdhuru, macho yake yakiwa machoni pa mgonjwa.

Wenzake walimcheka. "Mnubi wetu," Sista Atoo, mkuu wa wodi, alizoea kusema, "anamtafutia bibi yake wateja."

Na kweli bibi yake alikuwa mpika waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Zuleika alilelewa Bombo, katika nyumba ambayo moshi wa pipa haukukauka uani, na habuba, kama Wanubi wanavyomwita bibi, ndiye aliyemlipia karo kwa kazi hiyo. Tangu mdogo alijua kwamba vibarua waliingia kwa mlango wa mbele, wakicheka. Wenye heshima zao walipitia nyuma, kwenye migomba. Alikuwapo mke wa mwalimu mmoja, mwanamke mpole, aliyekuja na chupa ya chai kila jioni na kuondoka akiwa ameifunika kwa khanga. Siku moja akalazwa kwa jipu tu. Baada ya muda mfupi ikaja habari kwamba alitetemeka kitandani, akazungumza na watu wasioonekana, akafa. Mtaa mzima ulisema karogwa.

Miaka ilipita. Zuleika akiwa darasani Mulago, anasomea uuguzi, mwalimu akaeleza jinsi mwili uliozoea pombe unavyogeuka ukinyimwa ghafla: jasho, mtetemeko, mtu kuona wadudu ukutani, kifafa, na asipotibiwa, kifo. Zuleika aliweka kalamu chini. Mke wa mwalimu hakurogwa na mtu. Hakuulizwa tu.

Ndiyo sababu alipoletwa Hajjat Halimah, mguu umevunjika juu ya goti, Zuleika hakumruka. Hajjat alikuwa mjane, mwenye maduka ya vitambaa mjini, mwanamke aliyelisha mayatima kila Ramadhani. Alinukia udi, na mdomoni alitafuna karafuu. Mwanawe Faruk alisimama kando ya kitanda, simu mbili mkononi.

"Kaka, nisubirie nje kidogo," Zuleika alimwambia. "Nina maswali ya mgonjwa."

"Uliza nikiwapo. Huyu ni mama yangu."

Zuleika alimwomba tena. Hakutoka. Basi akauliza hivyohivyo, na alipofika kwenye pombe Faruk akaruka.

"Astaghafirullah! Wewe si Mwislamu? Unamuuliza Hajjat habari za pombe?"

"Namuuliza kila mtu."

"Mama yangu si kila mtu!"

Hajjat Halimah aligeuza uso ukutani. "Situmii," alisema polepole.

Sista Atoo alimwita Zuleika pembeni, akamwonya asiwatukane wateja. Mguu ukapasuliwa, ukafungwa chuma, na kila mtu akasema umekwenda vizuri.

Siku ya pili baada ya upasuaji, Zuleika aliingia zamu na kumkuta Hajjat ameloa jasho. Vidole vilimtetemeka. Alikuwa akipangusa shuka kwa bidii, kana kwamba kuna siafu. Daktari Asuman alishachukua damu akihofia kidonda kimeoza au malaria imepanda, na alikuwa akisubiri majibu. Faruk naye alikuwa na jibu lake tayari: majini. Alikwenda kuleta gari na binamu zake wampeleke mama kwa shehe.

Zuleika alivuta pazia, akapiga magoti mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la mgonjwa. Safari hii hakumuuliza kama anakunywa.

"Mama, mara ya mwisho ulikunywa lini?"

Mikono ya Hajjat ilisimama juu ya shuka. Machozi yakateremka.

"Asubuhi ile niliyoanguka."

"Na kabla ya hapo?"

"Kila siku, mwanangu. Tangu mzee afe. Kwanza ilikuwa usiku tu." Alimshika Zuleika kiganja. "Faruk asijue. Nakuomba."

"Hatajua kutoka kwangu. Lakini daktari lazima nimwambie, ili tukutibu."

Hajjat alifumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Daktari Asuman hakupoteza muda kushangaa. Aliagiza diazepamu ya kumtuliza na sindano za vitamini, akamkagua mgonjwa upya mwenyewe, kisha akaitwa mbio chumba cha upasuaji. Dawa ilikuwa imeanza tu kuingia Faruk aliporudi na binamu wawili na blanketi.

Zuleika alisimama mlangoni.

"Hatoki."

"Sista, pisha. Nitasaini chochote mnachotaka."

"Mama yako hana akili zake sasa hivi, wewe huwezi kumtoa kama mzigo. Akitoka hapa leo atakufa njiani."

"Atakufa kwa nini? Niambie anaugua nini!"

Hapo ndipo palipomchoma Zuleika. Jibu alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi, na neno moja lingemnyamazisha mwanamume huyu mbele ya binamu zake. Alilimeza.

"Atakwambia mwenyewe akitaka. Kazi yangu ni awe hai ili akwambie."

Faruk alimsogelea. "Nimeuliza habari zako. Wewe ni mjukuu wa wapika waragi wa Bombo. Ndiyo maana unaona walevi kila mahali."

Sista Atoo aliinamisha kichwa. Zuleika alisikia uso unawaka, lakini miguu haikusogea.

"Ndiyo," alisema, na sauti yake ikafika hadi kitanda cha mwisho. "Habuba yangu alipika. Na waliokunywa nikawaona kwa macho yangu. Wengine walivaa kanzu, wengine kola ya kanisa, wengine magwanda. Ndiyo maana simruki mtu. Sasa niite jina lolote upendalo, lakini hapa hupiti."

Hakupita. Alipiga kelele, akapiga simu, akatishia mahakama, na wakati huo wote nyuma ya pazia mama yake alianza kupumua taratibu. Daktari Asuman aliporudi kutoka chumba cha upasuaji alisimama kando ya Zuleika, akasema lile lile: hatoki.

Hajjat Halimah alipona. Zuleika aliitwa ofisini. Mkurugenzi, mtu mpole wa sauti ya chini, alimtaka aiombe familia radhi, na kuanzia hapo awe anatumia busara kabla ya kuwauliza watu wa heshima maswali ya namna hiyo.

"Busara ndiyo iliyotaka kumwua yule mama," Zuleika alijibu. "Radhi siombi."

Akahamishiwa kliniki ya wagonjwa wa nje, kufunga vidonda na kupima presha, zamu zisizopendwa na mtu. Nyumbani kwake, mtaani Naguru, alilia kwa hasira jioni ile, kisha akapiga pasi sare yake. Kliniki ya nje, aligundua, ilipokea watu wengi kuliko wodi, na wote aliwauliza.

Hajjat Halimah alikuja huko na magongo yake, bila Faruk. Alikaa mbele ya Zuleika, akanyoosha mguu.

"Uliza," alisema.

"Unaendeleaje na pombe?"

"Wiki iliyopita nilikunywa. Kidogo." Akacheka kwa aibu. "Si kidogo."

Zuleika hakumkemea. Walizungumza muda mrefu, wakapanga aonane na mshauri anayejua kazi hiyo. Hajjat alimweleza kwamba mwanawe ameshajua. Alimwambia yeye mwenyewe mezani, mbele ya mkewe. Faruk akainuka, akaacha chakula, na hajamsemesha vizuri mpaka leo.

"Na wewe?"

"Mimi nilimaliza chakula changu." Hajjat alinyanyua kidevu. "Nimejificha vya kutosha, Zuleika. Nimechoka kuwa mtakatifu wa watu wengine."

Aliporudi tena alikuwa na rafiki yake wa msikitini, mwanamke mwenye buibui ya hariri ambaye hakulala usiku bila vidonge vinne. Mwezi uliofuata wakaja wengine. Radhi ile mkurugenzi bado anaidai, na kurudi wodini bado kunangoja radhi hiyo. Zuleika hajaiomba. Habari zinazomfikia kutoka wodini ni kwamba Sista Atoo ameanza kuwaambia ndugu wa wagonjwa wasubiri nje, halafu anavuta pazia.