Siku Hamadi aliponipigia simu bila shikamoo: kisima kilivyotaka kututokea puani Bahari ya Shamu

Wakuu, habari za mihangaiko.

Wapenzi wa chai, yaani stori za kutunga, mtanisamehe, kwenye uzi huu nimechemsha maji matupu. Nitakayoeleza niliyashuhudia mwenyewe, na pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Mimi ni mtu wa Lindi, umri umeshaenda. Kazi yangu ni kuchimba visima vya mafuta na gesi. Nilianza kama kibarua wa kuosha mabomba kwenye mtambo wa gesi huko kwetu kusini, nikapanda taratibu mpaka nikawa driller, yaani yule anayekaa kwenye kiti na kuendesha uchimbaji wenyewe.

Miaka ya 2010 huko, mawakala walikuwa wanasomba watu kwenda Saudia: madereva, walinzi, dada zetu wa kazi za ndani. Na mimi nilipita na wimbi hilohilo, ila mkataba wangu ulikuwa wa meli ya kuchimba kwenye kina kirefu, Bahari ya Shamu. Zamu ikiisha unashushwa Jeddah, unalala kwenye nyumba ya kampuni mtaa wa Aziziya. Makao makuu yalikuwa Riyadh, mtaa wa Olaya, jengo la vioo ambalo ndani unavaa sweta na nje unaungua.

(Mshahara msiniulize. Nawajua.)

Nieleze kidogo kazi ilivyo, maana bila hapo mtapotea njiani.

Ukichimba, unasukuma tope maalumu, zito, kwenda chini kupitia ndani ya bomba. Linarudi juu kwa pembeni na kuingia kwenye matangi ya meli. Uzito wa tope hilo ndio unaoikandamiza gesi ibaki ilipo. Kinachokwenda chini kinatakiwa kilingane na kinachorudi. Matangi yakianza kujaa wakati hujaongeza kitu, ujue kuna mgeni chini anapanda na analisukuma tope mbele yake.

Hiyo tunaita kick. Sio kiki za mastaa. Hii ukiichekea inageuka blowout, na hapo kisima kinatapika gesi juu ya meli yenye mitambo ya moto na watu.

Dawa yake iko sakafuni mwa bahari, juu ya mdomo wa kisima. Ni rundo la vali kubwa, refu kama ghorofa kadhaa, linaitwa BOP. Driller akibonyeza, linabana kisima. Ila kuna sharti: ubonyeze mapema. Kutoka BOP mpaka kwenye meli kuna bomba refu sana, na gesi ikishavuka vali ikaingia humo, umefungia mlango mwizi aliyeshatoka. Tena kadiri inavyopanda inatanuka, kama soda iliyotikiswa.

Ndiyo maana driller ana ruhusa ya kufunga bila kumuuliza mtu. Funga kwanza, maswali baadaye.

Sasa Hamadi.

Hamadi ni kijana wa Pangani, injinia, umri wa mwanangu wa kwanza. Tulikutana Olaya kwenye kozi ya kudhibiti visima. Kuna chumba chenye kiti na skrini, mnapewa kisima cha kuigiza na mwalimu anawaletea balaa bila taarifa. Mimi nikakalishwa kwenye kiti, Hamadi akawa msaidizi wangu wa kuangalia matangi.

Balaa likaja. Hamadi akaliona kabla yangu. Akanigeukia, akainamisha kichwa: "Mjomba, samahani sana, kama hutojali, naomba utupie jicho hapa..."

Hakumaliza. Skrini ikawa nyekundu yote, meli imeungua, sote marehemu. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Jioni tulikwenda mtaa wa Manfuha, kuna Wakenya walikuwa wanapika ugali kwenye nyumba moja ya zamani. Nikamwambia, mwanangu, siku ukiona kitu cha kweli achana na adabu, niambie funga.

Akasema, "Siwezi mjomba. Nikikukemea wewe, mama atasikia akiwa Pangani."

Nikamuacha. Mtoto amelelewa, utamlaumu?

Baada ya kozi, mimi nikaenda baharini, yeye akabaki Riyadh kwenye chumba cha ufuatiliaji. Namba zote za meli zilikuwa zinaonekana kule wakati huohuo, na wao wanakodolea macho. Kila mwanzo wa zamu alinipigia simu ya sakafu ya kuchimbia ili tulinganishe namba zangu na zake. Hiyo iliruhusiwa.

Lakini namba hazikuanza kamwe bila salamu. "Shikamoo mjomba. Goti linaendeleaje? Nyumbani wazima?" Msaidizi wangu Joselito, Mfilipino, alikuwa akisikia simu tu ananiambia mwanao huyo anapiga.

Mezani kwao ilibandikwa sheria: chumba cha ufuatiliaji hakitoi amri. Ukiona tatizo, unampigia mwakilishi wa mwenye kisima aliyeko melini, kwa Kiingereza, yeye ndiye anayemwambia driller.

Na melini tulikuwa na tabia yetu. Kreni ikinyanyua mzigo mzito kutoka kwenye boti, meli inainama kidogo, matangi yanasoma uongo, kengele inalia. Mtu anaizima anasema "kreni hiyo." Nilipofika niliikuta zamu nyingine inafanya hivyo, na sisi tukaendelea. Mwisho ikawa kengele ikilia hata huinui macho kuitafuta kreni.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, tumetoka kula, zamu ndiyo inaanza. Bahari imetulia. Kreni ilikuwa inashusha makontena. Kengele ikalia, Joselito akaizima.

"Kreni," akasema.

"Kreni," nikamjibu.

Simu ikaita. Nikanyanyua nikijua ni Hamadi, mdomo ushajiandaa kusema marahaba.

"Funga. Matangi yote yanapanda. Funga kisima."

Basi. Hakuna shikamoo, hakuna mjomba, hakuna goti.

Wakuu, sikuangalia namba. Ningeziangalia, ningeona kengele imezimwa na kreni inazunguka, nikajiridhisha. Nilichokijua ni kwamba yule mtoto hawezi kuongea na mimi hivyo. Nikanyanyua bomba, nikazima pampu, nikabonyeza.

Pampu zimezimwa, na tope bado linakuja lenyewe. Hapo ndipo nilipojua mtoto amesema kweli.

BOP ilipomaliza kubana, shinikizo chini yake likaanza kupanda kwenye saa zote mbili za kulipimia. Hiyo ni gesi inagonga mlango. Joselito alipiga ishara ya msalaba, mimi nilikuwa nasoma dua niliyoikumbuka.

Gesi kidogo ilikuwa imeshavuka kabla sijafunga. Hiyo haizuiliki, inakuja tu. Tunachoweza ni kuielekeza itokee ubavuni mwa meli, upande ambao upepo hauirudishi kwetu. Watu wote wakaitwa sehemu za kukusanyikia, kila chenye moto kikazimwa. Ikaja na mngurumo, tope likaruka mbali baharini, meli ikatetemeka. Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa hapa. Nilikuwa namfikiria mke wangu akipokea simu kutoka kwa mtu asiyejua hata jina langu vizuri.

Ikaisha. Hakuna aliyeumia.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya subira: kutoa gesi iliyobanwa kidogokidogo kupitia vali nyembamba, huku tunaingiza tope zito zaidi mpaka kisima kikatulia. Zamu zilipokezana. Mwakilishi, Mskoti mmoja aliyezeekea baharini, aliniambia tungesubiri kreni imalize mzigo ule, nusu ya kisima ingekuwa imeshavuka vali, na ubavuni kusingetosha.

Mnadhani stori imeisha? Ofisi haijaongea.

Zamu ilipokwisha niliitwa Riyadh. Chumba cha mkutano Olaya, meza ndefu, mainjinia wa mataifa yote. Kwenye kona alikaa Hamadi, kakonda. Makosa yake yakasomwa: hakupiga simu kwa mwakilishi. Alitoa amri ambayo hana mamlaka nayo. Alitumia Kiswahili, lugha isiyoruhusiwa. Bado alikuwa kwenye majaribio, na kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, akisema hamtaki, ikama yake ya kuishi nchini inafutwa, anarudi Pangani. Mlangoni nilisikia jamaa wawili wanasema huyo ni wa tiketi.

Nikaulizwa nani aliniambia nifunge. Nikasema Hamadi.

"Ana mamlaka?"

"Hana. Mamlaka ni yangu, na aliyefunga ni mimi."

"Ulifunga bila kuangalia namba. Ingekuwa siyo kweli, bomba lingeweza kunasa. Kwa nini ulimwamini?"

Swali la haki kabisa. Na jibu nilikuwa nalo, ila jaribuni nyie kueleza shikamoo kwa Kiingereza mbele ya watu wenye grafu. Nilisema ni salamu ya kumheshimu aliyekuzidi umri. Nikasema kijana huyu hajawahi kuniambia neno lolote kabla ya salamu hiyo, na kwenye kozi aliona bora afe kuliko kunikemea. Siku ile hakuisema. Injinia mmoja akawa anaandika kwenye laptop, sijui aliandika nini.

Nikajua tumekwisha, mimi na mtoto wa watu.

Kwenye kichwa cha meza alikaa bosi mwenyewe, Msaudi mtu mzima, tunamwita Abu Turki. Tangu mwanzo alikuwa anavuta tasbihi tu.

"Kila siku alikuwa anakusalimia?" akauliza.

"Kila siku, bosi."

"Na siku hiyo?"

"Mafi salaam. Hakuna."

Akawageukia wale mainjinia. "Mwanangu akiingia sebuleni bila kunitolea salamu, simuulizi kuna nini. Natafuta viatu vyangu." Akaweka tasbihi mezani. "Halas. Yamekwisha."

Hamadi alipewa barua ya onyo kwa kupiga simu isiyo yake. Haikupita muda ukatoka utaratibu mpya kwamba chumba cha ufuatiliaji kinaweza kumpigia driller moja kwa moja, na kreni ikifanya kazi lazima mtu mmoja asome tangi moja moja. Meli ikiinama, ya upande mmoja yanapanda, ya upande wa pili yanashuka. Siku ile yalikuwa yanapanda yote, ndicho Hamadi alichokiona. Onyo na utaratibu mpya vilitoka ofisi moja, na saini ni ileile. Yaani ofisi ni ofisi tu.

Nilimkuta ananisubiri kwenye lifti. Macho chini, mikono imeshikana mbele kama yuko ukweni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hii ya leo au ya siku ile?"

"Ya siku ile," akasema. Halafu akalia palepale, kijana mzima na kitambulisho shingoni. Na mimi sikuwa mbali, wakuu. Nikamshika bega mpaka lifti ikaja ikaondoka bila sisi.

Nilichojifunza: kengele inayolia kila siku hamna kengele hapo. Inayookoa ni ile sauti unayoifahamu siku inapobadilika. Nyie mnaofanya kazi na watu, wajueni watu wenu wakiwa sawa, ili mjue wakiwa hawako sawa.

Uwanja wenu. Wenye uzoefu wa viwandani, migodini, meli, semeni na zenu zilivyokuwa. Vijana mnaotaka kunikosoa mnakaribishwa, ila anzeni na shikamoo.

Labda kama nyumba inaungua. Hapo irukeni, mtanipa baadaye.