Leso ya Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Mombasa, matroni alinikabidhi beseni, kitana na shampuu, akaniambia nikaoshe watu vichwa. Mimi huyo, nimetoka chuoni na koti jeupe lililopigwa pasi na mamangu! Nilidhani ananichezea. Kumbe fundi wa kupima umeme wa ubongo hubandika waya nyingi kichwani, na waya haishiki penye mafuta ya nazi. Nanyi nitajieni binti wa Mji wa Kale anayetoka kwao bila mafuta kichwani.

Zamani hizo mashine ilichora mistari kwenye karatasi ndefu. Tukiona dalili za kifafa, daktari alitoa vidonge. Ambao dawa haikuwafaa, wachache walipelekwa India kupasuliwa, wengine walifichwa vyumbani. Jambo hilo liliniuma miaka yote.

Nilihamishwa bara, nikarudi Mombasa na mvi zangu. Hapo ndipo Daktari Bingwa wa Ubongo, mtu wa bara asiyependa maneno mengi, alipotuita. “Upasuaji wa kifafa tutaufanya hapa hapa kisiwani,” alisema.

Msimamizi wa maabara alicheka. “Kwa mashine hii kuukuu?”

“Kwa wagonjwa wa kuanzia itatosha. Nataka watu wanaojua kutazama.”

Akatueleza. Kwa baadhi ya wagonjwa, kifafa huanzia sehemu moja ndogo ya ubongo. Ikijulikana, na ikiwa si ya hatari kuguswa, mpasuaji huiondoa. Isipojulikana, hakati mtu. Kwa hiyo mgonjwa hulazwa na waya zake mbele ya kamera, daktari humpunguzia dawa, nasi tunangoja aanguke tuone kiungo gani kinaanza kukakamaa.

Wa kwanza alikuwa Mwanakhamisi, binti wa Makadara. Mkono wake ulikuwa na kovu refu, kwani aliwahi kuangukia jiko la makaa. Tangu siku ile mamake, Bi Rukia, hakumwacha karibu na moto hata kwa kuchemsha chai. Mtoto wa watu alikuwa mtu mzima asiyeruhusiwa jikoni kwao.

Kifafa kilipokuja, Bi Rukia aliruka na leso yake ya kujitanda akamfunika gubigubi. Cha pili, vivyo hivyo. Kamera yetu ilipiga picha ya maua ya leso.

“Bila kuona, simpeleki kwa mpasuaji,” alisema Daktari Bingwa. “Tukikosa tena, tumrudishe nyumbani.”

Nilimwendea Bi Rukia nimekasirika, naye akaniwahi. “Hamna haya nyinyi? Mwanangu yuwaanguka, nanyi mwatizama tu? Mimi namsitiri!”

Nikanywea. Kwetu mtu akianguka njiani, mwanamke wa kwanza kupita huvua leso yake amfunike. Mimi mwenyewe nimewafunika wangapi?

“Bi Rukia,” nikamuuliza, “wataka asionwe na nani?”

“Na wapita njia. Na wanaume.”

“Na daktari akiona picha, peke yake?”

Aliikunja leso mapajani. “Daktari ni tabibu. Huyo na aone.”

Basi tuliitundika leso ile ile kwenye kioo cha mlango, wanaume wakatoka, tukabaki sisi watatu. Asubuhi ya pili Mwanakhamisi alikodoa macho. Nilimgeuza ubavu, nikamshika bega. Bi Rukia aliifumbata mikono kifuani, asimguse.

“Mkono wa kushoto!” akalia. “Waanza kukakamaa wa kushoto, mwanangu!”

Daktari alipoitazama picha, akailinganisha na mistari yetu, alitabasamu. “Chanzo kiko kulia,” alisema, maana ubongo wa kulia ndio unaoendesha mkono wa kushoto. Mpasuaji akakiondoa.

Si wote waliofuata waliopona, na Mwanakhamisi, ingawa haanguki tena, bado anameza vidonge. Lakini wagonjwa wanakuja, na hawavuki bahari. Vijana niliowaachia chumba nilipostaafu wana kompyuta, na mlangoni wametundika leso. Nilifurahi mno kuiona.

Juzi nilikwenda Makadara. Bi Rukia alinikaribisha barazani, akaanza kuwasema majirani mmoja mmoja. Jikoni mafuta yalikuwa yakichacharika, Mwanakhamisi akikaanga mahamri. Mamake alikuwa ameupa mgongo mlango wa jikoni, na muda wote niliokaa pale hakugeuka hata mara moja.