Nilimpa Baba Mkwe Njia ya Daktari

Ndugu zangu, nimekosa, na kosa lenyewe siwezi kumwambia mtu yeyote wa nyumbani kwangu. Nisikilizeni nyinyi.

Mimi ni fundi wa intaneti hapa Tabora. Kijijini kwa wakwe zangu, njia ya Nzega, kanisa na zahanati vinatumia mnara mmoja, na intaneti yake ni ndogo. Mimi ndiye niliyepanga nini kipite kwanza. Sauti ya daktari anayemwelekeza nesi kutoka mjini niliiweka mbele ya vyote, maana sauti ikichelewa kidogo tu, mtambo unaitupa na maneno yanakatika.

Baba mkwe anaongoza kwaya. Akaniomba tamasha lao lirushwe bila kukwamakwama, watoto wake walio mbali waone. Kwetu mkwe humkatalii jambo, hata usoni humtazami vizuri. Nikaipitisha kwaya mbele ya daktari. Mjinga mimi!

Jumapili nilikuwa nyumbani Ipuli, naangalia kwaya kwenye simu na kujisifu. Nesi akapiga. Akasema kuna mtoto amezaliwa hapumui sawasawa, na daktari anakatikakatika, haelewi anaambiwa afanye nini.

Kuiondoa kwaya ilikuwa kubonyeza tu. Lakini baba mkwe ndiyo kwanza alikuwa amesimama mbele. Nikamwambia nesi, "Dada, vumilia kidogo, wamalize wimbo huu."

Mungu wangu! Nilisema hivyo kwa mdomo wangu!

Wimbo ulipoisha nikamrudishia daktari njia yake. Sauti ikasikika safi kabisa, lakini mtoto alikuwa ameshakata roho.

Baadaye mke wangu akapokea simu, akaanguka chini analia. Mama wa yule mtoto ni mdogo wake. Uchungu ulimshika ghafla, akakimbizwa zahanati wakati baba yake yuko kanisani anaimba.

Sili, silali. Mke wangu ananibembeleza akidhani ni msiba tu unaonitesa. Nesi tulikutana mazikoni, akanitazama, akageukia pembeni. Nilipomwamkia baba mkwe, alinishika mkono akasema, "Marahaba, mwanangu. Asante, wote wanasema kwaya ilisikika vizuri."

Nilitamani kaburi lile linimeze mimi!

Mafundi wenzangu, nawasihi, nafasi ya mgonjwa msimpe mtu kwa heshima, awe mkwe, awe bosi. Mkatalieni, anune. Akinuna ataacha. Mtoto yule harudi.