Nilimzika Susu Kando ya Mwanamume Asiye Wake

Jina langu nitalificha. Nikilitaja, watu wa Kilungu watanijua kabla hujafika nusu ya habari hii, na walioumia wameshaumia vya kutosha. Lakini kosa sitalificha. Ni langu. Hakuna aliyenituma kudanganya.

Nina saiba ndogo pale Sultan Hamud. Napiga chapa, natoa kopi, nasaidia watu kuomba vyeti vya kuzaliwa na vya kifo kwa kompyuta. Kwa hivyo nyumbani kwetu jambo lolote la karatasi huwa linaletwa kwangu.

Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alikuwa na ombi moja tu. Mume wake, Musyoka Ndeto, aliondoka Kilungu mama yangu akiwa bado ananyonya. Alisema anaenda Kitui kununua mbuzi. Musyoka ni jina la mtu anayerudi, lakini yeye hakurudi. Susu hakuolewa tena. Alipoanza kulazwa hospitali mara kwa mara, aliniita akaniambia, "Wewe unajua mambo ya ofisi. Nitafutie huyo mzee, hata kama ni kaburi. Nataka kulala karibu na yeye."

Nikaanza. Cheti cha kuzaliwa cha mama kiliandikishwa akiwa mtu mzima, na pale kwa baba kuna jina peke yake, hakuna kijiji. Nikauliza kuhusu sensa za zamani, nikaelezwa kwamba sensa hutoa idadi, majina ya watu hayatolewi. Rekodi za vifo za upande wa Makueni hazikuwa na mtu wetu. Kila nikienda kumwona susu ananiuliza, "Umefika wapi?" Nami naona aibu kumwambia sijafika popote.

Ndipo nikaenda Kitui. Huko nikaonyeshwa rekodi ya kifo: Musyoka Ndeto, mkulima, na jina la kijiji alichofia. Nilitoka nje nikampigia mama simu, tukalia wote wawili.

Sasa sikia yale ambayo sikumwambia mama. Umri ulioandikwa pale ulikuwa mdogo sana kwa mzee wetu, umepungua kwa zaidi ya miaka kumi. Nikajiambia watu wa zamani walikadiriwa tu. Aliyepeleka habari za kifo alikuwa mke wa marehemu, anaitwa Mbula. Nikajiambia basi mzee alioa tena huko. Kila kitu kilichokataa, mimi nilikitafutia sababu mpaka kikakubali.

Nikafika kwenye kile kijiji. Mbula alikuwa ameshakufa, shamba limeuzwa, watoto wamehamia upande wa Kibwezi. Mwenye shamba mpya alinionyesha kaburi karibu na ua, mawe na msalaba ulioinama.

"Kama ni wenu, mchukue," akaniambia. "Mimi nataka kulima hapa."

Sikuuliza jirani hata mmoja. Niliogopa kuambiwa kitu ambacho kingenirudisha nyumbani mikono mitupu.

Mjomba Kioko, mtoto wa kwanza wa susu, ndiye aliyesita. Tulikuwa tumekaa nje kwa susu, mama yuko, mjomba yuko, susu amefunikwa shuka kwa kiti.

"Sisi ni Atangwa," mjomba akasema. "Mtu hawezi kuishi Kitui miaka hiyo yote majirani wasijue ukoo wake. Uliuliza ukoo?"

Sikuwa nimeuliza. Nilimwangalia susu, naye alikuwa anauangalia mdomo wangu kama mtu anayengoja maji.

"Niliuliza," nikasema. "Ni Mtangwa."

Neno hilo ndilo lililobomoa nyumba yetu. Mjomba aliinamisha kichwa, akafuta macho, akasema basi tumlete baba.

Tulifuata sheria. Tangazo lilibandikwa kwa ofisi ya chifu kule Kitui, hakuna aliyejitokeza, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Ruhusa ya mahakama ikatoka. Afisa wa afya akaja, kaburi likafukuliwa, mifupa ikawekwa kwa sanduku dogo, tukarudi nayo Kilungu. Kanisa letu lote lilikuwa linatungoja barabarani likiimba. Susu aliweka mkono juu ya sanduku na kuuacha pale.

"Umechelewa," akaliambia sanduku. "Lakini umefika."

Halafu akanigeukia. "Ni yeye kweli?"

"Ni yeye, susu."

Susu alifariki mvua zilipoanza. Tulimzika kando ya lile kaburi, karibu kabisa, vile alivyotaka. Pasta alinisifu mbele ya waombolezaji wote. Akina mama walinishika mikono wakisema wangependa kuwa na mjukuu kama mimi.

Miezi ikapita. Siku moja asubuhi mama mmoja wa makamo akaingia kwangu saiba. Mpole, kitambaa kichwani, Biblia kwa mkoba. Akakaa kwa kiti cha wateja.

"Nataka uniandikie tangazo la mtu aliyepotea," akasema.

Nikafungua ukurasa. "Jina lake?"

"Musyoka Ndeto."

Sikuinua macho. "Alipotea lini?"

"Mwaka jana. Akiwa kaburini."

Mashine ya kopi ilikuwa inafanya kazi, kuna wateja nyuma yake, na yeye anaongea taratibu kama mtu anayeagiza sukari. Akanieleza kwamba anaitwa Syombua, mtoto wa Mbula. Baba yake alizaliwa Kitui, akakulia Kitui, akafia Kitui. Hajawahi kukanyaga Kilungu. Na ukoo wao ni Aombe. Alikuwa ameenda kulisafisha kaburi akakuta limelimwa, mimea imeota. Mwenye shamba akampa jina langu.

"Sijui habari hiyo," nikamwambia. Hata hapo nilidanganya.

"Andika tu," akasema.

Nikaandika. Nilikosea jina la baba yake mara kadhaa, naye akawa ananisahihisha kwa upole. Nilipomaliza, akaomba gundi, akaibandika karatasi hiyo ukutani kando ya mlango wangu mwenyewe. Kisha akaniinamia sikioni.

"Ndugu zangu wanataka tuende kwa kithitu. Mimi nimewaambia wangoje nije nikuone kwanza."

Mimi ni mtu wa kanisa. Nimeokoka. Lakini mtu aliyezaliwa Ukambani hahitaji kufundishwa kithitu ni nini. Ni kiapo. Kikishaapwa, inasemekana mwenye hatia hafi peke yake, watu wa nyumba yake wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Aliposhuka ngazi, nilikaa chini sakafuni nyuma ya meza na wateja wakadhani nimeanguka.

Nilifunga duka. Simu ikilia nilikuwa naitupa kitandani kama kaa la moto. Niliogopa polisi, niliogopa mahakama kwa sababu nilikuwa nimeapa huko kwamba yule ni mzee wetu. Lakini zaidi niliogopa watoto wangu. Kitinda mimba wangu alipata homa ya kawaida, homa ya msimu, na mimi nilimkumbatia nikihesabu pumzi zake. Daktari aliniambia ni mafua. Sikumwamini. Nilimwona mtoto anachukuliwa kwa sababu ya neno nililolisema kwa kiti cha susu.

Hapo ndipo nikaenda kwa mama.

Alikuwa anapepeta mbaazi. Nilimweleza yote, umri, yule mke, ukoo. Nilipomaliza, ungo ulikuwa bado mikononi mwake lakini hautikisiki.

"Sasa yule niliyemlilia ni nani?" akauliza.

Nilinyoosha mkono niupokee ungo, akauvuta kwake.

"Maisha yangu yote sikuwa na baba. Ukanipa. Nimemwita baba mbele ya watu. Na mama yangu je, amelala na nani?"

Mjomba Kioko alivaa koti, akachukua wazee wawili wa ukoo, wakaenda Kibwezi kuomba msamaha kwa niaba yangu. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Waliporudi, walisema wale watu wanamtaka baba yao, na wanataka niwepo siku ya kumtoa.

Ruhusa ikaombwa tena, na safari hii nilisema ukweli mbele ya hakimu. Aliniambia kwamba familia ile ikitaka kunishtaki mlango uko wazi.

Walikuja, Syombua na ndugu zake. Hawa ndugu hawakunisalimia. Walisimama wakiniangalia wakati kaburi linafunguliwa, na kila jembe lilipogonga udongo nilihisi limegonga kifua changu. Kaburi la susu lilikuwa karibu mno, udongo wake ukawa unamomonyoka kuingia kwenye shimo. Mama aliondoka akaingia nyumbani. Mjomba alipiga magoti akawa anauzuia udongo wa mama yake kwa mikono.

Sanduku lilipotoka, Syombua alilisogelea. "Asa, ni mimi," akamwita baba yake kwa Kikamba. "Twende nyumbani."

Akamshukuru mjomba kwa kumtunza mgeni. Halafu akanijia. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Ndugu zangu hawajaniambia lolote."

Mpaka leo hawajasema. Hicho ndicho ninachoishi nacho. Gari likisimama nje ya duka nachungulia kwanza. Mtoto akikohoa naamka. Sijui kama wameapa au hawajaapa, na hakuna mtu wa kumuuliza.

Mjomba haongei na mimi. Kanisani nakaa nyuma. Susu amelala kando ya shimo lililofukiwa, na mzee wake sijui yuko wapi, na sitamtafuta tena. Mama amewaambia ndugu zangu kwamba siku yake ikifika, mimi nisishike karatasi yake hata moja, wala cheti, wala kibali, wala tangazo la mazishi.

Wewe unayemtafuta mzee wako aliyepotea, usilazimishe jina likubali. Majina yanafanana, Ukambani tumejaa akina Musyoka. Uliza hata lile unaloogopa kujibiwa, tena uulize ukiwa bado hujashika jembe. Na kama humpati, rudi nyumbani uwatazame wanaokungoja, useme, "Nimekosa kumpata." Watalia siku hiyo, lakini watanyamaza. Mimi niliona aibu kusema nimekosa wakati ule, na sasa ndilo neno ninalolisema kila siku, na halinisaidii.