Mteremko wa Baba Edvina

Kila Jumamosi Alistidia aliposikia baiskeli ya mumewe ikitolewa uani, alitoka nje kuitazama njia. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima huko Muleba, na njia ya vumbi iliteremka kutoka kwao hadi barabara ya lami, palipokuwa pakipita mabasi ya Bukoba. Mumewe, Kahangwa, alikuwa na mtindo wake: aliiachia baiskeli ikimbie yenyewe, kisha alipofika kwenye mkaratusi alikamata breki. Zamani alibeba mkungu mmoja wa ndizi. Sasa alibeba mitatu, na Jumamosi iliyopita gurudumu la mbele lilisimama juu ya lami yenyewe.

"Lilisimama au halikusimama?" aliuliza Kahangwa mkewe alipomkumbusha, huku akikaza mpira juu ya mikungu.

Alistidia alimtazama binti yao Edvina, mwalimu wa fizikia kule Rwamishenye, aliyekuja nyumbani jana.

"Tata, tupime breki kwanza hapa kwenye tambarare," Edvina alimwambia baba yake. Alichora mistari miwili ya majivu njiani, hatua ishirini kati yake. "Pita hapa kwa sekunde kumi. Ukifika mstari wa pili, breki."

Kahangwa alipita polepole, akiyumba kama mlevi, akasimama hatua nne baada ya mstari wa pili.

"Sasa pita kwa sekunde tano. Mwendo mara mbili."

"Basi hatua nane," alisema Kahangwa. Alivua ndala moja, akaitupa kwenye hatua ya nane. "Nikiipita, leo nitakupikia mimi, Mama Edvina."

Alikuja kwa nguvu, akakamata breki, akaipita ndala. Edvina alihesabu: kumi na sita.

"Mchanga umeniponza!" Akarudia. Kumi na saba.

Alistidia alimaliza darasa la saba tu, lakini hatua alizihesabu mwenyewe.

"Mama, mwendo ukiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne," alieleza Edvina. "Breki ndiyo inayoimaliza, na kazi ya breki ni nguvu yake mara umbali inaoshika. Nguvu haikuongezeka, basi umbali ndio unaoongezeka."

"Na kule kwenye mteremko?"

"Kule ni vibaya zaidi. Kilima kinavuta mbele, breki inavuta nyuma. Kinachopunguza mwendo ni ile tofauti tu, nayo ni ndogo. Na mikungu mitatu inaifanya nishati iwe kubwa zaidi kwa mwendo uleule."

Alistidia alikumbuka miaka yote aliyodhani kwamba mzigo mzito huishikisha baiskeli chini, isimame upesi. Tena yeye ndiye aliyemwambia mumewe aongeze mkungu wa tatu.

Kahangwa alikuwa tayari amepandisha mguu. "Soko halingoji somo."

Alistidia alikimbia jikoni, akarudi na kamba ya kufungia mbuzi, akaifunga kwenye keria, akajizungushia ncha kiunoni.

"Shuka utembee. Mimi nitavuta nyuma."

"Watu watasema umenifunga kama beberu!"

"Waseme."

"Mama, vuta tangu mwanzo," alisema Edvina. "Wewe na breki mkilingana na kilima, mwendo hauongezeki. Usingoje mkaratusi."

Waliteremka. Kamba ilimkata Alistidia kiunoni, visigino vikachimba vumbi. Kila aliposikia honi kutoka chini alifumba macho, akavuta zaidi. Kahangwa alinung'unika hadi walipofika mkaratusi, ambapo njia inainama ghafla. Mzigo ulimsukuma, akaikamata breki kwa mikono miwili, na bado baiskeli ikaendelea kushuka, taratibu kwa sababu ya kamba tu.

Basi likapita pale chini kwa kishindo, vumbi likawafikia.

"Mama Edvina," alisema Kahangwa bila kugeuka, "usiachie bado."