Mbwa wa Akumu

Huku milimani Erussi jina la mtoto ni barua kwa jirani, nayo husomwa kwa sauti kila mama anapoita watu waje kula. Akumu, mke mkubwa wa Ongiertho, alizituma zake mapema. Kifungua mimba alimwita Onencan, aliyeona umaskini, ili mama mkwe asikie. Alipoletwa mke wa pili, Biywaga wa Panyimur kule ziwani, Akumu akajifungua tena, akamwita mtoto Thopacu: kifo kimo humu humu nyumbani.

Biywaga alikaa miaka kumi bila kujibu. Hatimaye akapata wake, akamwita Mungujakisa, Mungu ana huruma. Jina la kanisani kabisa. Akumu hakupata usingizi mwezi mzima. Huruma kwa nani?

Jibu alikuwa nalo. Tumbo ndilo lililokuwa limeshastaafu. Basi akatafuta mbwa.

Kaka zake Biywaga walikuwa wakimletea angara, samaki wakavu, na siku hizi njaa ya Ongiertho ilikuwa ya upande mmoja. Mbwa akaitwa Anakula Peke Yake. Kila jioni Akumu alisimama mlangoni, akaelekeza uso nyumba ya pili, akaita taratibu, kama mtu asiye na haja na mtu.

"Dada, mbwa wako ana jina zuri," Biywaga alimwambia kisimani.

"Limekuchoma?"

"Mimi? Mimi si mbwa, siitikii."

"Kuitika si lazima, mdogo wangu. Kusikia kunatosha."

Biywaga akacheka, akajitwika maji. Tangu siku hiyo hakutupa tena vichwa vya angara jalalani. Aliviweka kwenye kigae, nje ya mlango wake. Mbwa hajui uke wenza, anajua harufu. Wiki ya pili akahamia.

"Baba Onencan, mwambie mkeo anirudishie mbwa wangu."

"Kwani kamfunga kamba? Mbwa kaenda penye samaki."

"Si yeye tu."

Ongiertho akakohoa, akaenda alikokuwa akienda.

Jioni ile Akumu aliketi na ugali wake wa muhogo na maharage. Onencan alishaoa, Thopacu alikuwa ng'ambo ya ua akimbeba Mungujakisa, kigoda cha bwana kitupu. Biywaga akatoka mlangoni, akaelekeza uso huku, akaita taratibu:

"Anakula Peke Yake."

Mbwa alikuwa miguuni pa Biywaga tayari. Akumu akalirudisha tonge sahanini.